Ndoo ya Mwalimu

Asubuhi nyungunyungu walipoanza kuhama, Bwana Upawa alikuwa jikoni anaponda viazi. Alitoka kwenye kibaraza cha nyuma kumwaga maji, akawaona. Walikuwa ishirini au zaidi, wanapanda ukuta uliopakwa chokaa, kila mmoja akiacha mstari mwembamba wa unyevu nyuma yake. Wengine walikuwa wameshakauka njiani. Chini yao, kifuniko cha ndoo walimofugwa kilikuwa kimeinuka upande mmoja, na harufu iliyotoka humo haikuwa ile ya udongo mbichi aliyokwisha kuizoea. Ilikuwa uvundo.

Alikuwa amepikia shule ya bweni kwa miaka thelathini na mmoja. Jina la Upawa alibandikwa na wanafunzi, kwa sababu aliwapakulia wote sawasawa, upawa mmoja kila sahani, awe mtoto wa mkuu wa shule au wa mfagizi. Uvundo wa mboga aliujua, wa nyama aliujua pia. Huu ulikuwa wa nyama, na katika ndoo ile nyama ilikuwa imekatazwa kabisa.

Ndoo yenyewe ilikuwa ya mkewe. Watu wote walimwita Mwalimu, na mumewe naye alimwita hivyo, mwanzoni kwa utani, baadaye kwa mazoea. Alifundisha sayansi katika shule ileile mpaka alipostaafu. Wiki saba kabla ya asubuhi hii alitoka hospitalini akiwa amebaki macho na mifupa, na jambo la kwanza aliloomba halikuwa chakula wala mto wa ziada.

"Nataka ndoo ya nyungunyungu," alisema.

"Ya nini?"

"Ya kula maganda. Jikoni kwako kunatoka takataka kana kwamba bado unapikia bweni zima."

Bwana Upawa alicheka, kitu ambacho hakuwa amekifanya kwa muda mrefu. Akatafuta ndoo mbili za plastiki zilizowahi kuwa na mafuta ya kupikia, akaziosha kwa maji ya moto na sabuni mpaka zikaacha kuteleza. Mwalimu alikaa kwenye kiti chake kibarazani, blanketi magotini, akimwelekeza kama aliyekuwa mbele ya darasa. Msumari ulipashwa moto jikoni, ukashikwa kwa koleo, ukatoboa matundu chini ya ndoo moja na mengine pembeni, karibu na mdomo. Moshi wa plastiki uliwatoa machozi wote wawili.

"Madogo," Mwalimu alimwonya. "Nyungunyungu akipitisha kichwa, mwili mzima unafuata."

Ndoo yenye matundu iliingizwa ndani ya ile nzima, vipande viwili vya tofali vikiwekwa katikati ili maji yadondoke chini na wadudu wasizame. Kisha yakahitajika matandiko. Mwalimu alimwagiza alete boksi lililokuwa chini ya kitanda, lenye daftari zake za maandalio ya masomo, miaka na miaka ya mwandiko wake uliolala upande mmoja. Akaanza kuzichana vipande vyembamba.

"Hata hizi?" mumewe aliuliza.

"Zimeshamaliza kazi yake."

Walizilowesha karatasi, wakazikamua mpaka zikawa na unyevu tu, wakanyunyiza konzi mbili za udongo. Nyungunyungu wenyewe Bwana Upawa aliwaomba kwa jirani mfuga ng'ombe, wale wembamba wekundu wanaokaa chini ya samadi ya zamani, akaja nao kwenye kopo. Mwalimu aliwamwaga kwa mikono yake mwenyewe, kisha akatoa masharti. Maganda ya matunda ruhusa, majani ya chai ruhusa, maganda ya mayai yapondwe kwanza. Nyama hapana. Mafuta hapana.

"Na chumvi ndiyo kabisa usithubutu," alisema. "Hawa wanapumua kwa ngozi. Ukiwatia chumvi umewachoma wakiwa hai."

Akataka ndoo iwekwe pembeni ya kiti chake, mahali ambapo mkono unafika. Alisema anataka kupata la kufanya. Bwana Upawa alifurahi, na hapo ndipo alipoanza kujidanganya, maana aliamini kwamba mtu anayeanza kufuga kitu ni mtu aliyepanga kubaki.

Daktari alikuwa amewaambia waziwazi. Mwalimu akifika kilo arobaini na tano, atarudishwa kwenye matibabu. Asipofika, mwili hautaweza kuzihimili zile dawa. Siku hiyo alikuwa na arobaini na moja. Kwa mtu aliyewahi kunenepesha watoto mia nne kwa maharagwe na ustadi, kilo nne zilikuwa kitu gani? Alibandika ukutani karatasi ya lishe aliyopewa hospitalini, yenye picha za mayai na maziwa, akaingia kazini. Alichemsha nyama mpaka ikachambuka yenyewe. Aliponda viazi kwa siagi. Alichuja supu mara mbili ili isimkwaruze koo. Na sahani zilirudi nyeupe.

"Niache nile peke yangu," Mwalimu alikuwa amemwomba. "Nikitazamwa nashindwa kumeza."

Akamwacha. Binti yao aliyekuwa mbali alipopiga simu, baba mtu alimsomea orodha ya vyakula vyote vya wiki, mpaka binti akasema, "Baba, kwa hali hiyo na mimi ningeugua." Lakini kila Alhamisi muuguzi wa zahanati alipokuja na mzani wake mkononi, namba ilishuka. Arobaini. Thelathini na tisa na nusu. Thelathini na nane.

"Anakula?" muuguzi aliuliza.

"Sahani inarudi nyeupe," Bwana Upawa alikula yamini. Akamwomba auhamishe mzani kwenye sakafu ya sebuleni, pengine ya kibarazani imebonyea. Namba ikawa ileile. Akapanda yeye mwenyewe, mzani ukamsoma vizuri tu, akashuka amenywea kama aliyeshindwa kesi.

Sasa alikuwa amesimama mbele ya ndoo, na Mwalimu alikuwa bado amelala ndani. Aliloweka vidole, akawabandua nyungunyungu ukutani mmoja mmoja, taratibu, akawaweka kwenye bakuli lenye karatasi mbichi. Kisha akafunua kifuniko, akachukua uma wa zamani na kuanza kufukua.

Mpishi haulizi chakula chake kimepikwa lini. Juu kabisa kulikuwa na nyama ya jana, iliyochambuliwa nyuzinyuzi kama alivyoichambua yeye. Chini yake yai la jana asubuhi. Kisha viazi vya Jumatatu, siagi ikiwa imeganda juu yake. Kisha samaki wa Jumapili, ambaye alikaa naye nusu saa nzima akimtoa miiba. Hakuna kilichokosekana. Wiki yake yote ilikuwa mle ndani, imepangwa kwa siku.

Alikasirika. Tusimsingizie huruma ambayo haikuwa imefika bado. Alizikumbuka saa alizosimama jikoni mkono kiunoni, mgongo ukimuuma. Alilikumbuka neno "tamu", ambalo Mwalimu alilisema kila siku akimrudishia sahani, na kila siku yeye alilipokea kama mshahara. Alitaka kuipiga teke ndoo ile izunguke ua mzima.

Badala yake aliendelea kufukua, na chini ya samaki akakuta kitu ambacho hakukitarajia. Nyama ya Jumamosi ilikuwa nyeupe. Aliishika, akainusa. Ilikuwa imeoshwa. Viazi vya Ijumaa vilikuwa vimebaki punje punje, havina siagi hata kidogo. Chakula chote cha kabla ya Jumapili kilikuwa kimepitishwa kwenye maji, chumvi ikaondolewa na mafuta yakaondolewa, ndipo nyungunyungu wakapewa. Kwa wiki zote hizo, mkewe alikuwa akinyanyuka kwenye kiti, anashika ukuta mpaka kwenye sinki la nje, anaosha chakula ambacho hawezi kukila ili wadudu wasiungue, kisha anarudi kukaa na kusema tamu.

Na Jumapili aliacha. Bwana Upawa aliikumbuka Jumapili vizuri. Ndiyo siku Mwalimu alipomwomba amletee maji ya kunawia pale pale kitini, naye akafikiri, afadhali, ameanza kukubali kudekezwa. Kumbe zile hatua sita za kwenda kwenye sinki zilikuwa zimemshinda.

Hasira ilimtoka yote kwa mara moja, ikamwacha mtupu. Alikaa chini sakafuni na uma mkononi, akalia bila sauti, kamasi na machozi vikamchanganyikia.

Alipotulia, alimwaga vilivyooza kwenye shimo mwisho wa ua. Nyungunyungu waliobaki walihitaji matandiko mapya, na boksi la chini ya kitanda lilikuwa tupu. Aliangaza jikoni. Akaibandua karatasi ya lishe ukutani, akarudi nayo kibarazani, akaanza kuichana. Mayai yakakatika vipande, maziwa yakakatika vipande.

"Umeona," alisema Mwalimu.

Alikuwa amesimama mlangoni, mabega yote mawili yameegemea fremu. Sijui alifikaje hapo peke yake. Mumewe akainuka haraka, akamshika, akamkalisha kitini. Alikuwa mwepesi kuliko gunia la sukari.

"Nimeona."

"Wamekufa wengi?"

"Wachache. Wengine nimewaokoa."

Mwalimu aliitazama ndoo. "Nilijua watanichongea. Wao hawajui kuficha."

"Ungeniambia tu."

"Nilitaka kukuambia. Kila nikifungua mdomo, unaingiza kijiko."

Bwana Upawa akarudi kwenye karatasi yake, maana ilikuwa kweli.

"Sitaki kurudi kule," mkewe aliendelea, sauti ndogo lakini imenyooka, sauti ile ile iliyokuwa ikinyamazisha darasa. "Zile dawa zimeshanifanyia zinachoweza. Hata nikifika hizo kilo, sirudi. Lakini nilikuwa nakusikia kule jikoni, sufuria zinagongana, unapiga mluzi. Nikasema, nimwache kidogo. Kesho nitamwambia. Kesho ikawa wiki saba."

"Na njaa je? Huna hata njaa?"

"Sina, mume wangu. Tangu nilipotoka hospitali sijaisikia. Nakumbuka tu jinsi inavyokuwa."

Jua lilikuwa limefika kwenye miguu yao. Bwana Upawa aliendelea kuchana karatasi, na baada ya muda Mwalimu akanyoosha mkono, naye akampa nusu.

Kesho yake, Alhamisi, muuguzi alifika saa nne na mzani wake. Bwana Upawa alimpokea mlangoni.

"Leo hatupimi, binti yangu. Na wiki ijayo hatupimi. Kama una dawa ya maumivu, hiyo ndiyo tunayoitaka."

Muuguzi alimtazama, kisha akamtazama Mwalimu juu ya bega lake. Mwalimu akatikisa kichwa kukubali. Yule binti akauegemeza mzani ukutani, nje, akaingia na mkoba wake tu.

Alipoondoka, Bwana Upawa aliingia jikoni. Alikata boga, akaliondoa mbegu, akalichemsha. Mkono wake wa kulia ulikwenda wenyewe kwenye kopo la chumvi, kama ulivyokuwa umekwenda maelfu ya mara, na ukafika mpaka kwenye kifuniko. Aliutazama. Akaurudisha. Akapita kopo la siagi bila kuligusa. Aliliponda boga likawa laini, akapakua kidogo, hata nusu upawa haikufika, akalipeleka kibarazani. Safari hii hakurudi jikoni. Alivuta kigoda akakaa.

Mwalimu alitia kijiko kinywani. Akakaa nacho ulimini kwa muda, akimtazama mumewe.

"Halina chumvi," alisema.

"Najua."

"Wala siagi."

"Najua, Mwalimu."

Midomo yake ilicheza, akainamisha uso kwenye bakuli, na mumewe akageuka kutazama ukuta mpaka alipomsikia amevuta pumzi. Alikula kijiko cha pili. Cha tatu akakiinua, akakirudisha.

"Limetosha," alisema.

Akaligeuza bakuli kuelekea upande wa ndoo, na Bwana Upawa akainama akamfunulia kifuniko.