Ganzi Iliyoshangiliwa

Fundi wa suruali alikuwa na mazoea yake: pini alizichomeka kwenye suruali aliyovaa, juu ya paja. Siku moja baada ya kudungwa hospitalini sindano ya mgongo ya kutuliza maumivu, alikuwa amekaa kitandani akishona vifungo wakati jirani yake kinyozi alipoona doa la damu.

"We Fundi, umejidunga!"

Fundi akaichomoa pini. Ilikuwa imezama nusu, naye hakuhisi hata kama mdudu anatambaa.

"Dawa imekamata hiyo!" kinyozi akacheka. "Miaka yote mgongo unakuliza kama mtoto, leo unajichoma huku unapiga soga!"

Wakacheka wote wawili. Fundi alitaka sana kuamini. Lakini kinyozi alipoaga, Fundi akataka kumsindikiza, miguu ikakaa palepale kama ya mtu mwingine.

Mkwewe, mke wa mwanawe aliyekuwa kazini mbali, akapiga simu hospitali. Akasikiliza, kisha akainamisha macho.

"Baba, nesi anauliza... kama umepata haja ndogo tangu jana."

Hakuwa amepata. Chini ya kitovu tumbo lilikuwa limetuna. Lakini mkwe ni mkwe. Kuna maneno hayatamkiki mbele yake. Na akisema hapana, ndoo atashikiwa na nani?

"Nimepata, mama."

"Basi anasema tusubiri, huenda ganzi ikaisha yenyewe."

Akasubiri. Mlango ulikuwa wazi, karibu kabisa, na hakuwa na njia ya kuufikia. Kila mkwe alipoingia, Fundi alifungua kinywa aseme, kikatoka kingine: mara aliomba maji, mara aliuliza kama mvua itanyesha. Akijibanza hivyo ndani ya uongo wake, jua likazama.

"Mama," akamwita hatimaye. "Nilikudanganya. Sijapata."

Mkwe hakuuliza kwa nini. Alitoka mbio pekupeku, akarudi na kinyozi na gari la kukodi.

Madaktari walimpasua usiku uleule. Damu ilikuwa imevilia ndani ya uti wa mgongo, pale sindano ilipopita, ikabana mishipa ya fahamu.

"Mngemleta asubuhi," daktari alisema, bila ukali wowote, na ndiyo maana iliuma.

Sasa kila kukicha mkwe huja na beseni, hufungua mfuko wa mkojo unaoning'inia kando ya kitanda, akaumwaga.

"Pole, Baba."

Fundi hugeuza uso ukutani. Miguu hubaki ilipo, imemwelekea mkwe.