Haizidi Goti

...na nduma bado iko mdomoni mwa Wambugu, mwenye kitalu, anaongea nayo hivyo hivyo, chembe zinamtoka kwenye masharubu zinaangukia mti, mti ambao Mutanu ameulea miaka kumi na mmoja humu kitaluni Gatitu, na anamwambia, "Mama Kioko, andika hapo Sylvia, herufi kubwa, na chini yake andika haizidi goti, kesho kwa maonyesho watu wasome vizuri," kama mtu anayeagiza chai, naye Mutanu amesimama, kalamu huku, kibao kitupu huku... Sylvia ni huyo binti wa Wambugu pale mlangoni, kaja juzi kutoka Nairobi, kashika pua kwa ajili ya samadi, samadi iyo hiyo iliyomsomesha, "Auntie, na hii mti iko na miaka ngapi? Kwani haikuangi?" eti haikui, eh, mtoto wa watu hana kosa, hata hajui, lakini nani alikiona kile kishada kimevimba kwenye ua wa saiprasi kule Mweiga, majani yamebanana kama sufu ya kondoo, wenzake wakasema huo ni ugonjwa, kata utupe, nani alichomeka kijitawi katika kopo la maziwa akakifunika kwa chupa iliyokatwa, akakipima kila Januari, vidole viwili kwa mwaka, miaka mingine hata viwili havifiki... na ni mdomo huo huo, huo wa nduma, uliosema mbele ya wafanyakazi wote, Mutanu, huu ukifika gotini utaitwa jina lako, naye, mjinga, akaenda nyumbani akamwambia Kioko, kuna mti utaitwa mama yako, wakacheka mpaka chakula kikapoa, na sasa umefika gotini, kinyaa, kinyaa kitupu, na kinachomtia kinyaa zaidi ni ulimi wake mwenyewe, maana umeshajibu, "Sawa, mzee," umejibu kabla yake... anainama apanguse zile chembe, angalau hizo, na hapo nyuma, chini kabisa, anakiona, kichipukizi kirefu, chembamba, kijani cha kung'aa, saiprasi ya zamani inayotaka kurudi kwa babu zake, hutokea kila baada ya mvua ndefu, naye hukikata kwa kucha kabla mtu hajaona, hajawahi kumwambia yeyote, kwa sababu ukikiacha misimu miwili mitatu kinaumeza mti wote, unabaki na saiprasi kama zile za kupasuliwa mbao, inapita dirisha, inapita paa... kucha imeshakishika, imezoea, inajua kazi yake, na kucha inakiachia, nisamehe, anauambia mti, wewe hukunikosea, lakini kua, kua basi, mpaka wakiinua shingo wakitafuta goti liko wapi.

"Umeandika?"

"Naandika, mzee," anasema, na anakisukuma kile kichipukizi ndani ya majani, kesho kisionekane.