Alto Asiyeujua Wimbo

Madam Buthaina akikuambia "dakika tano", tafuta kiti ukae. Mkataba wangu uliisha kabla ya Ramadhani, na tangu hapo naambiwa nitaondoka kitabu anachokiandika kikiisha. Yeye ndiye kafili wangu, mwajiri anayenidhamini hapa Riyadh, na asipobonyeza ruhusa ya kutoka kwenye simu yake, hakuna ndege itakayonibeba. Nyumbani Emuhaya mama amepooza upande mmoja. Anayemlisha ni mdogo wangu Beverly, naye Beverly anaolewa Desemba. Hayo yote madam anayajua. Nilipomsimulia alilia, kisha akaniomba chai.

Kitabu chenyewe kinahusu muziki wa Wazungu wa kale. Madam ni mjane, alifundisha chuo kikuu, na wakati wa masomo yake Ulaya alipenda chombo kiitwacho lute. Kwangu mimi ni udi tu kama ule wa taarabu, ila shingoni umefungwa vikamba vya kuonyesha mahali pa kubana. Kazi yake ni kufuata nyimbo. Anachukua wimbo wa watu waliokufa karne nyingi zilizopita, anausaka kwenye picha za miswada, halafu kwenye vitabu vya nyimbo vya baadaye, mpaka ajue ulipitia wapi na ukaishia wapi. Katika miswada hiyo kuna mistari sita yenye herufi juu yake, na kila herufi inakiambia kidole kibane wapi. Mara ya kwanza kuziona nilidhani ni solfa za kwaya, zile d-r-m. Nikaziruka a na b, nikaziimba d na f kwa nguvu zangu zote. Madam alicheka hadi akatafuta kitambaa cha kujifutia machozi.

Mwishowe ulibaki wimbo mmoja. Ulikuwa umeandikwa kwa wapigaji wawili, na kitabu cha mpigaji wa kwanza kilipotea zamani. Madam alikuwa na sehemu ya yule wa pili, na kila alasiri aliipiga akijaribu kukisia wimbo uliopaswa kukaa juu yake.

"Huu ukipata mwenzake, Rispah, halas, tumemaliza," aliniambia. "Siku hiyohiyo nabonyeza exit."

"Wallahi, madam?"

"Wallahi."

Siku moja AC ya chumba chake cha kusomea iliharibika, akahamia sebuleni nilikokuwa napiga pasi abaya zake. Safari hii aliipiga polepole, sauti baada ya sauti. Mdomo wangu ukafunguka wenyewe. Nilikuwa naimba pamoja naye, na maneno yote ninayo.

Hapa hatuimbi za kanisa kwa sauti. Mimi huziimbia kifuani nikiosha vyombo, kwa hiyo hata mimi nilishtuka kujisikia. Madam aliacha kupiga.

"Umeutoa wapi?"

"Kanisani, madam. Tunauimba kwenye matanga."

Akawasha simu kunirekodi. "Yalla, imba wimbo wenyewe. Huo wa juu."

Nikavuta pumzi, nikaimba. Ikatoka alto, sauti ya pili, ileile aliyokuwa akiipiga madam. Nikajaribu tena, alto. Mwalimu wetu wa kwaya, mzee Elkanah, alikuwa anafundisha kila sauti peke yake, sisi alto nyuma ya kanisa, soprano ndani, na alto aliyethubutu kufuata wimbo wa soprano alirushiwa chaki. Nimewazika wafu wetu wote kwa wimbo huo na sijui unakwendaje! Nilitamani kumfufua Elkanah nimrushie yeye hiyo chaki. Ruhusa yangu ya kwenda nyumbani ilikuwa kooni mwa soprano.

Nikampigia Velma. Tulikua pamoja kwenye kwaya ile, na sasa anafanya kazi kwa watu Jeddah.

"Velma, uko free?"

"Free wapi? Madam ana wageni. Sema haraka."

"Niimbie ile ya matanga. First voice."

"Ngai! Nani amekufa?"

"Hakuna. Nataka exit."

"Rispah, hii joto ya Riyadh imekuharibu kichwa," alisema, lakini nikasikia mlango wa stoo ukifungwa. Akaimba mdomo ukiwa ndani ya taulo. Madam akapiga sehemu yake chini ya sauti hiyo, na vitu viwili vikakaa pamoja kabisa. Madam alinibusu kichwani. Nami nilifurahi, sitadanganya, niliruka kama mtoto.

"Sasa exit, madam."

"Dakika tano."

Akaingia kwenye vitabu vyake. Mimi nikaenda kuteremsha sanduku juu ya kabati. Nilikuwa nimeshakunja gauni la arusi ya Beverly madam aliposimama mlangoni, uso unang'aa.

"Wimbo wa Velma umo katika vitabu vingi," alisema. "Sauti yako haimo hata kimoja. Waliochapa wote waliibadilisha. Ni ninyi tu mlioiimba kama ilivyo kwenye muswada. Nani alimfundisha mwalimu wenu?"

"Sijui, madam. Alishafariki."

"Unajua nyingine ngapi?"

Najua alto ya kitabu kizima. "Mafi, hakuna, madam. Ni hii moja tu."

Alitabasamu kwa upole, na upole ule ndio ulionitisha. "Utakumbuka polepole. Nipe mwaka mmoja. Nitaandika jina lako mbele kabisa ya kitabu."

"Madam, uliapa."

Ni mtu wa dini, hawezi kulipuuza jambo hilo. "Kweli, niliapa," alisema. "Nitalipa kafara ya kuvunja kiapo. Nitalisha maskini kumi. Sasa imba tena."

Niliimba, nikaipotosha makusudi. Akatikisa kichwa, akabonyeza simu, na sauti yangu ya mchana ikatoka humo ikiimba sawasawa.

"Si unaniona nimo humo?" nilimwambia, na sasa nalia. "Baki na hiyo. Niache mimi niende."

"Simu haijibu maswali, habibti," alisema, akanishika bega.

Ijumaa niliamshwa mapema. Madam alitaka kafara ipikwe nyumbani, na jikoni kwake mpishi ni mimi. Nikaosha mchele, nikakaanga vitunguu, nikapika kabsa ya watu kumi, kuku wazima, zabibu kavu juu. Jackton, dereva wake, Mkenya mwenzangu, aliipeleka kwa vibarua wa mtaa wa Shumaisi. Aliporudi na sufuria tupu alinikuta nimekaa kwenye ngazi ya nyuma.

"Wamekula wakashiba," alisema. "Wamesema Mungu ambariki madam."