Msimu Sahili Iliposhuka

Watu wa Mji wa Kale walimjua Chirau kwa mambo mawili: kazi yake ya kukata tiketi za mabasi ya bara pale Mwembe Tayari, na timu ya Sahili. Alianza kuifuata timu hiyo utotoni, baba yake akimbeba mabegani ili aone juu ya vichwa vya watu. Sasa ndevu zimeingia mvi, na yeye ndiye mwenyekiti wa mashabiki wa tawi la Mji wa Kale. Tawi halikuwa na ofisi. Lilikuwa na baraza la saruji katika kichochoro kisicho mbali na Ngome ya Yesu, muuza kahawa na birika lake, na wanaume waliokuja baada ya sala ya alasiri kuisema timu mpaka magharibi.

Msimu wa nyuma Sahili ilikosa ubingwa kwa pointi chache tu, na ndipo balaa lilipoanzia. Watu waliamini kwamba mwaka huu kombe ni lao. Akina mama walishona kanga za rangi ya timu. Shukri, muuza vinyago wa pale ngomeni aliyesoma chuo kimoja cha Kurani na Chirau tangu wakiwa watoto, aliwaambia wateja wake wa Kizungu kwamba wamefika katika mji wa mabingwa. Kisha ligi ikaanza, na Sahili ikafungwa, ikafungwa tena, ikatoka sare na timu iliyopanda daraja juzi, halafu ikafungwa nyumbani.

Mwanzoni watu walicheka. Baadaye wakalaumu marefa, kisha uwanja, kisha safari ndefu za bara zinazowachosha wachezaji. Mvua za vuli zilipokatika walikuwa wamebaki na mtu mmoja wa kumlaumu, kocha Mutunga, Mkamba mpole aliyewahi kuwa beki wa Sahili mwenyewe na aliyesahau kurudi kwao baada ya kuacha kucheza. Walitaka aondoke. Chirau ndiye aliyewatuliza. Kila jioni aliwakumbusha kwamba wachezaji wazuri waliuzwa, kwamba waliobaki ni vijana, kwamba timu haijengwi kwa matusi. Walimsikiliza kwa sababu sauti yake ilikuwa ya taratibu na kwa sababu hakuwahi kukosa mechi.

Jioni moja Shukri aliweka kikombe chini, akamtazama. "Mwenyekiti, subira yako imetufikisha wapi?"

Chirau alijibu kwamba imewafikisha hapa walipo, wote wakiwa wamoja. Wengine waliguna. Lakini njiani kwenda nyumbani alihisi kitu kizito kifuani, na alikijua ni nini. Alikuwa na hasira kama wao, na hakuwa na mahali pa kuitua, maana kila mtu alikuwa ameitua yake kwake yeye.

Msimu ulipokaribia mwisho, lawama zilihama kutoka kwa kocha zikaenda kwa kipa. Kipa wa Sahili alikuwa Lennox, kijana wa Kigiriama kutoka Kaloleni, mrefu, msemaji haba, aliyeishi Ganjoni na mkewe Naomi. Mashabiki walikuwa wamempenda kupita kiasi. Msimu ule mzuri yeye ndiye aliyeubeba, na watoto wa vichochoroni walipocheza mpira wa makaratasi waligombea kuwa yeye. Sasa alikuwa akifungwa mabao ambayo mtu yeyote angeyazuia. Picha ya video ilianza kuzunguka katika simu: mpira mwepesi unakuja upande wake wa kulia, mkono unaugusa, unapita. Chini yake mtu ameandika kwamba mechi imeuzwa. Hakuna aliyejua ni nani aliyeandika. Baada ya siku chache hakuna aliyeuliza tena.

Pale barazani neno hilo lilisemwa kwa kunong'ona, kisha kwa sauti. Shukri alisema amesikia kwa mtu anayemjua mtu. Chirau alikataa kulijadili. Akasema yeye atakwenda kumwuliza kijana mwenyewe, uso kwa uso, na hadi atakaporudi asitajwe.

Alikwenda Ijumaa baada ya kazi. Naomi alimfungulia mlango wa nyumba yao ya ghorofani na kumkaribisha kwa heshima, ingawa macho yake yalikuwa mekundu. Lennox alikuwa amekaa kitini, mkono wa kulia ameutumbukiza kwenye beseni la maji moto ya chumvi. Alijaribu kuutoa na kuuficha chini ya taulo, lakini Chirau alikwisha kuuona. Kifundo cha mkono kilikuwa kimevimba hadi ngozi inang'aa, na vidole havikukunjika vizuri.

"Tangu lini, mwanangu?"

Lennox alimweleza. Aliumia mazoezini, akadhani ni mteguko wa kawaida. Daktari alitaka afungwe plasta na apumzike. Lakini kipa wa pili alikuwa amehamia timu ya Nairobi katikati ya msimu, na wa tatu alikuwa mwanafunzi asiyewahi kucheza mechi ya ligi. Kocha Mutunga alijua yote. Alikuwa amekaa kwenye kiti kile kile alichokalia Chirau, akalia, akamwomba avumilie mpaka mwisho.

Chirau alimwambia kwamba watu wanasema ameuza mechi. Lennox alijibu kwamba amesikia. Sokoni wanamsemea Naomi mgongoni.

"Basi niache niwaambie ukweli," Chirau alisema. "Wakijua, watakubeba."

"Wakijua wao, kesho wanajua wapinzani. Mipira yote itakuja mkono huu." Lennox alitazama beseni. "Imebaki mechi moja. Sare tu inatubakisha kwenye ligi. Mwenyekiti, nakuomba. Mpaka filimbi ya mwisho usimwambie mtu."

Chirau aliahidi. Naomi alimsindikiza hadi ngazini.

Pale barazani aliwaambia kwamba kijana hana hatia. Waliuliza anajuaje. Akasema anajua. Walitaka zaidi, hakuwa na la kuwapa, na aliona nyuso zao zikifunga moja baada ya nyingine. Shukri alisema kwa upole, jambo lililokuwa baya kuliko kufoka, kwamba Mwenyekiti naye amekula. Nyumbani Maisara, mkewe, aliona hagusi chakula akamwuliza kuna nini. Hakumwambia. Ahadi ni ahadi.

Siku ya mechi ya mwisho uwanja ulijaa kuliko siku zote za msimu huo. Watu ambao hawakuwa wameonekana tangu mwaka wa jana walirudi na kanga zao na ngoma. Chirau alikaa mahali pake pa kawaida, upande wa njia ya wachezaji, Shukri kando yake kwa mazoea ya miaka, ingawa hawakuwa wamesalimiana. Sahili ilitangulia kufunga, uwanja ukapasuka kwa vigelegele. Wapinzani walisawazisha kabla ya mapumziko kwa bao ambalo kipa yeyote angefungwa. Kipindi cha pili chote Lennox alisimama imara. Alitumia mkono wa kushoto, alitumia miguu, alitumia kifua. Mara mbili alilala miguuni mwa washambuliaji, na mashabiki wale wale waliomtukana walisimama kumshangilia. Chirau alijikuta akilia.

Ilipobaki kitambo kidogo mwamuzi aliwapa wapinzani mpira wa adhabu karibu na eneo la hatari. Mpigaji aliupinda upande wa kulia. Haukuwa na nguvu. Lennox aliufikia, mkono wote ukaugusa, halafu kifundo kikakunjika nyuma kama tawi bichi na mpira ukaanguka wavuni. Alibaki amelala. Muda si mrefu filimbi ikapulizwa, na Sahili, kwa mara ya kwanza tangu Chirau kuzaliwa, ikawa imeshuka daraja.

Kisha mtu akapaza sauti, "Muuzaji!" na neno likachukuliwa na jukwaa zima. Watu walianza kuteremka kuelekea njia ya wachezaji. Askari waliokuwepo walikuwa wachache na walisogea pembeni. Wachezaji walipita mbio wakiwa wamejifunika vichwa kwa jezi. Lennox alikuja wa mwisho, taratibu, ameushika mkono wake wa kulia kwa wa kushoto. Kocha Mutunga alikuwa amemwekea mkono begani.

Chirau alikuwa mbele kabisa. Walimjua wote. Angepanda juu ya ukuta ule mfupi akainua mikono, angalau wale wa Mji wa Kale wangenyamaza kumsikiliza. Filimbi ilikuwa imepulizwa, na ahadi ilikuwa imekwisha nayo. Lakini ndani yake mlikuwa na msimu mzima aliowamezea wengine, na mabega ya baba yake, na timu iliyokuwa haijawahi kushuka. Alimtazama yule kijana akija, na kwa kitambo kile hakumhurumia. Alitaka mtu aumie kama alivyoumia yeye. Akafunga mdomo.

Jiwe lilitoka kando yake. Aliuona mkono wa Shukri ukirudi chini. Lennox alishika uso, akapiga magoti, na damu ikapita katikati ya vidole vyake. Hapo ndipo Chirau alipopiga kelele kwamba mkono wake umevunjika, amecheza umevunjika, mwacheni. Hakuna aliyemsikia. Shukri alikuwa amesimama mdomo wazi, akitazama kiganja chake kana kwamba ni cha mtu mwingine, kisha akageuka akapotea katika umati.

Hospitalini madaktari walishughulikia jicho la kushoto usiku kucha, hawakuliokoa. Kifundo nacho walikifunga plasta, wakasema kimekaa vibaya muda mrefu mno na hakitarudi kuwa cha kipa.

Chirau alimweleza mkewe kila kitu asubuhi iliyofuata. Maisara alisikiliza hadi mwisho, mikono ameipakata. Alikuwa mwanamke asiyependa mpira, na hakuwahi kumzuia.

"Ulimuahidi mpaka mechi iishe," alisema. "Mechi ilikuwa imeisha, Baba Nyevu."

Jioni alikwenda barazani na kuwaeleza watu habari za ule mkono. Aliwaambia alivyomkuta na mkono kwenye beseni, daktari alivyosema, kocha alivyolia. Walisikiliza wameinamisha vichwa. Mmoja alisema Mungu amsaidie. Mwingine alisema lakini angesema mapema, watu wangeelewa. Kisha mtu akauliza ni kipa gani watamsajili kwa ligi ya chini, na mazungumzo yakaendelea huko, kwanza kwa aibu, halafu kwa raha. Shukri hakuwepo. Kila mmoja alijua kwa nini, na hakuna aliyelitaja jina lake.

Kutoka hapo Chirau alikwenda moja kwa moja kituo cha polisi, akaandikisha alichokiona. Shukri alikamatwa dukani mwake. Alikiri bila kusumbua, akasema hakukusudia jicho, alikusudia tu kumtisha. Mashabiki walimchangia dhamana. Chirau alipopita kichochoroni siku ya pili yake alitoa salamu, na kati ya wote waliokaa ni muuza kahawa peke yake aliyeitikia. Baada ya muda alisikia kwamba tawi limepata mwenyekiti mpya.

Alikwenda wodini mara kadhaa. Mara ya kwanza Lennox alikuwa amelala. Mara ya pili alikuwa macho, bandeji imefunika nusu ya uso. Aliuliza jambo moja tu, kama Mwenyekiti aliwaambia watu baada ya filimbi.

"Niliwaambia," Chirau alisema, kisha akashindwa kuuacha uongo ule ukae. "Nilichelewa. Jiwe lilikuwa limeshakuja."

Lennox alifikiri. "Nilikuona," alisema. "Ulikuwa pale pale mbele. Nikasema, afadhali, Mwenyekiti yupo." Akageukia ukutani. Naomi alimtoa Chirau hadi mlangoni na kumwomba, bila ukali wowote, asirudi tena.

Hakurudi. Lakini habari zilimfikia pale Mwembe Tayari kwamba klabu haikuendeleza mkataba wa kijana, kwamba Mutunga amerudi Machakos, na kwamba Naomi anahama Jumapili kwenda kwa wakwe Kaloleni. Jumapili hiyo Chirau alifika Ganjoni asubuhi. Alitarajia kukuta watu. Timu nzima ilikuwa na wachezaji, tawi lilikuwa na wanachama, na Naomi alikuwa na dereva wa pikapu tu na kitanda kisichoteremka ngazini. Alimtazama Chirau kwa muda. Kisha akasogea mlangoni ili apite.

Waliteremsha kitanda, godoro, meko na mitungi ya gesi, makochi mawili. Chirau alibeba hadi shati lote likalowa. Naomi alimpa maji, akayanywa amesimama. Lennox alikuwa tayari ndani ya pikapu, kiti cha abiria, ametazama mbele. Hakuwa ameteremka wala hakuuliza nani anapakia.

Vitu vilipokwisha kufungwa kamba, Chirau alikwenda dirishani. Alikuwa upande wa kushoto, upande wa jicho lisiloona, na kijana hakujua kama kuna mtu. Alikuwa karibu kiasi cha kusikia pumzi zake. Kama angezunguka mbele ya gari, Lennox angemwona. Kama angetaja jina lake, angegeuka. Dereva aliwasha injini. Naomi, aliyebanana katikati ya dereva na mumewe, alimwona Chirau pale dirishani, akasubiri kidogo amsikie atasema nini.

Chirau aliondoa mkono wake mlangoni, akarudi nyuma hatua moja, na pikapu ikaondoka kuelekea barabara kuu.