Kabati la Glavu

Baridi ilipoingia, vidole vya Mama Povu vilipasuka kila mahali. Alikuwa dobi wa hoteli, na kutwa nzima mikono yake haikutoka majini.

Msimamizi alikuwa amechoka kusikia glavu zimepotea, kwa hiyo alizifungia kabatini pamoja na kopo la mafuta ya mikono. Kabati lilifunguka kwa alama ya kidole tu, na madobi walisajiliwa wakati wa joto, ngozi zikiwa bado nzima.

Leo Mama Povu alibandika kidole gumba. Taa nyekundu. Akajaribu cha shahada, akakifuta kwenye aproni, akakipuliza, akabandika tena. Nyekundu.

"Jamani, si ni mimi!" akalifokea kabati.

Akapanda ngazi mpaka ofisini, damu ikimchuruzika.

"Vidole vimekauka hivyo vitasomekaje, mama?" msimamizi akamwuliza. "Paka mafuta kwanza."

"Mafuta si yamo humo humo kabatini, baba!"

Msimamizi akashuka naye huku akiguna, akagusa kwa kidole laini kama cha mtoto mchanga. Kabati likafunguka papo hapo. Akachota mafuta, akajipaka viganja vyote viwili taratibu, mpaka kwenye kucha.

"Baridi ya mwaka huu si mchezo," akasema, na kwa mazoea akausukuma mlango kwa kiwiko. Ukajifunga.

Mama Povu alikuwa hajagusa hata glavu moja. Msimamizi akabandika kidole haraka, kikateleza. Nyekundu. Akabandika tena. Nyekundu.

"Kanawe, baba," Mama Povu akamwambia, akimwonyesha beseni. "Maji yale pale. Ya baridi."