Taa ya Kambere

Godelive alifika dukani kwa Ibrahim, muuza taa wa Butembo, akiwa na kikapu kilichofunikwa kitenge. Ndani alikuwa mumewe, Kambere. Alikuwa amekwenda Mulekera, upande wa Beni, kuvuna kakao. Wenzake hawakurudi, yeye alirudi chatu, juu ya lori, katikati ya magunia. Nyumbani walimpikia fufu kwa mazoea. Hakula. Baridi ya Butembo ilikuwa inammaliza.

"Taa ni ya salon ama ya kuku?" Ibrahim aliuliza.

"Ya bwana yangu. Alirudiaka nyoka."

"Pole, mama. Kaka yangu yeye alirudiaka nyuki. Kutusalimia tu, ni vilio."

Akamwekea mbili mezani. Moja nyeupe, yenye rangi zote za jua, ultraviolet pia, na joto lake. Nyingine ya zambarau, ambayo macambiste, wabadilisha fedha, hupimia dola za uongo. Godelive alichukua ya zambarau, maana hajawahi kuona cambiste aliyekonda.

Taa hiyo haikuwa na joto. Lakini ilipowashwa, alama ya buti ilitokea shingoni mwa Kambere, kisigino kimelika upande mmoja. Godelive akambeba mpaka ofisini kwa kamanda wa askari, kushtaki.

Kamanda alimulika, akaweka mguu wake kando ya shingo, akalinganisha.

"Ni buti yangu kabisa," alisema. "Taa yako ni ya muzuri."

"Donc utaandika?"

"Mais mama, sheria inasemaga mutu aliyeuawa. Huyu ni nyoka, tena anapumua. Ulete mutu."

Godelive alingoja kidogo, labda mumewe angekumbuka kuwa mtu. Hakukumbuka. Alikuwa amepoa kama jiwe la mtoni, na ulimi hautoki tena.

Akarudi mbio kwa Ibrahim.

"Ile inaonyesha, hii inaponyesha, lakini mwangaza wake unafichaga," Ibrahim alimwambia. "Sola yako haiwezi kubeba mbili."

"Unipe ya kuponyesha," alisema, akimrudishia ya zambarau.

Chini ya taa nyeupe Kambere alijinyoosha, akameza panya mzima mbele ya watoto wake, wakapiga makofi. Majirani walikuja kutoa pole na pongezi kwa mkupuo mmoja, kuokoa muda.

"Ameponaka kweli," alisema jirani yake Hulda, akimgeuza Kambere shingo. "Angalia, hana hata alama."

"Ndiyo," Godelive alisema, akisogeza taa karibu zaidi. "Hapana hata moja."