Pumzi Aliyomnyima Afande

Karani wa mahakama alipofungua faili ya kahawia, Musau alihisi baridi shingoni, kana kwamba kuna mtu anampumulia kwa nyuma.

Mwaka juzi, akiendesha pikapu kutoka kumzika mamake huko Muthetheni, polisi walimsimamisha mchana kweupe wakamwambia apulize kidude cha kupima pombe. Siku hiyo hakuwa ameonja hata tone. Lakini mamake alimlea kwa onyo moja: nywele zako, kucha zako, mate yako, usimwachie mtu usiyemjua, atakuroga. Sasa pumzi je? Musau akafumba mdomo. "Afande, hii siwezi kukuachia." Akashtakiwa kwa kukataa kupimwa, akakubali kosa, akatozwa faini, akasahau.

Safari hii alikuwa amekunywa kweli, pombe ya kaluvu kwenye harusi ya binamu yake huko Masii. Polisi walipomsimamisha, safari hii alipuliza bila ubishi, akidhani upole utamwokoa.

"Mheshimiwa, ni mara yangu ya kwanza," alisema.

Hakimu akageuza ukurasa. "Mara ya kwanza ulikataa kupimwa. Anayekataa, mimi namhesabu mlevi. Hii ni ya pili. Miezi sita ndani, na leseni inabaki hapa."

Mlevi! Siku ya kumzika mama! Lakini angethibitisha na nini? Ushahidi wake wote ulikuwa pumzi moja tu, na aliimeza mwenyewe, akimtii mamake, muda mfupi tu baada ya kumfukia.

Shingoni, mtu akampumulia tena.